Bundi Amekata Kauli

Kicheche alikuwa anawindwa, na yeye hakumwona aliyemwinda. Alimsikia tu: mlio mwembamba masikioni, ule unaotokea rada ya adui inapokugusa, ukimjia kama mbu, ukipotea, ukirudi. Chini yake misitu ya Laplandi ilikuwa nyeupe kwa theluji, na jua lilikuwa limekaa ukingoni mwa dunia likisitasita kuzama. Mgongo wake mwenyewe, ule wa kweli ulioegemea kiti sebuleni kwake Raahe, ulikuwa umelowa jasho.

"Ananiona!" alisema. "Bundi, ananiona, mimi simwoni!"

"Tulia. Yuko nyuma yako, chini kidogo. Mimi ninaye. Ngoja... ngoja... haya, kushoto! Kaza, mama, kaza, usiangalie nyuma!"

Akakaza. Pembe za macho zikaingia giza kama za mtu anayetaka kuzimia, na ule mlio wa mbu ukageuka yowe. Kombora limetoka. Akamwaga fataki za kulizuga, akavuta fimbo ya kuongozea mpaka kiwiko kikauma, na moyo ukawa unampiga shingoni. Kitu kilipita juu ya kioo na mkia wa moshi. Kisha nyuma yake kukapasuka mwanga mkubwa wa rangi ya chungwa.

"Huyo kaenda," sauti ya Bundi ilisema, taratibu, kama ya mtu aliyemaliza kupasua kuni. "We Kicheche, ukizidi kuniletea wakwe wa namna hii, kahawa itakuwa juu yako."

Alicheka.

Jina lake hasa lilikuwa Terhi Mustaparta, fundi wa miwani, mwanamke wa makamo aliyeishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili. Ujanani alitaka jeshi la anga, wakampima masikio wakamrudisha nyumbani. Sasa kila Jumapili alasiri alijifunika uso kwa miwani ya kompyuta isiyomwonyesha sebule wala mikono yake, akaingia ndani ya Hornet, ndege ya kivita ile ile ambayo vijana wa jeshi la Finland huipitisha juu ya paa lake mpaka vikombe vikatetemeka. Simuleta yao, mchezo wa kompyuta unaoiga urubani wa kweli, haikuwa ya kubonyeza kitufe kimoja adui akafa. Kuiwasha injini tu kulimchukua majuma kujifunza. Klabu ilikuwa na watu kama kumi na wawili, na desturi yao ilikuwa moja: humo ndani hakuna majina ya kanisani. Kuna Kicheche, kuna Bundi, kuna Nyundo. Nani ameoa, nani anafanya kazi gani, hakuna aliyeuliza. Wafini si watu wa kuulizana ulizana.

Jumapili hiyo ya Februari walikuwa wanapigana na klabu ya Waestonia, ambao pia ndio wenye seva, kompyuta iliyoendesha mchezo wote. Juu kabisa, akiangalia uwanja mzima, alikuwapo Nyundo, kiongozi wa klabu. Huyu Terhi alimjua kidogo zaidi ya wengine: aliitwa Osmo, mwalimu wa chekechea wa Lahti, na alikuwa na tabia ya kumwambia kila mtu "mwanangu", hata waliomzidi umri.

"Rudini juu, wanangu," Osmo alisema. "Kuna mwingine anatoka magharibi. Bundi, mafuta yako?"

"Yapo, si mengi," Bundi alijibu. "Kicheche, nifuate. Twende juu, halafu tuzunguke tuwapige kwa... kwa... tuzunguke kwa kijiko."

Terhi akacheka tena. "Kijiko gani, mzee? Njaa imekushika?"

"Kijiko," Bundi alisema. Kisha kwa hasira, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake: "Kijiko! Ki... mmm. Mmm."

Masikioni kikasikika kitu kikianguka na kuvunjika, pengine kikombe. Mbwa akabweka mara moja. Halafu hakuna neno tena, ila pumzi. Bundi hakupenda kubonyeza kitufe kila anapotaka kusema, kwa hiyo kipaza sauti chake kilikuwa wazi siku zote. Walizoea kumsikia akitafuna mkate, akimgombeza mbwa. Sasa walisikia pumzi tu, nzito, yenye kukoroma kidogo mwishoni.

"Bundi?"

Pumzi.

"Bundi, acha utani bwana."

"Mtandao umemkatikia," Osmo alisema.

"Umkatikie vipi na mimi namsikia anapumua? Na ndege yake hii hapa naiona!"

Ilikuwa kweli. Mtu akikatikiwa mtandao, ndege yake hutoweka angani kama moshi. Ile ya Bundi haikutoweka. Ilikuwa imenyooka, mabawa sawasawa, inakwenda kaskazini magharibi kuelekea bahari ya Norwei. Terhi alijua ni kwa nini: Bundi alikuwa na mazoea ya kuiachia ndege ijiongoze yenyewe anapozungumza. Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye fimbo, na ndege haikuwa na habari.

Akaisogelea, pole pole, mpaka bawa lake likakaribia bawa la mwenzake. Akageuza kichwa, akatazama ndani ya kioo. Simuleta huchora rubani katika kila ndege, mwanasesere mwenye kofia na kioo cheusi usoni. Mwanasesere wa Bundi alikaa wima, anatazama mbele, ametulia kama abiria wa treni. Na masikioni mwa Terhi mtu wa kweli alikuwa anakoroma. Nywele zilimsimama. Alitaka kuivua ile miwani, aione sebule yake, ukuta wake, maua yake dirishani, lakini akaogopa kwamba akiivua atampoteza.

"Osmo," alisema, na hakukumbuka kwamba amevunja desturi. "Amepatwa na kitu. Piga simu ya dharura."

"Niwaambie nini? Wataniuliza yuko wapi."

"Waambie anaitwa..."

Hapo ndipo wote wawili walipotambua. Osmo alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi. "Miaka sita," alisema. "Miaka sita naruka na mzee huyu na sijui anaitwa nani. Sijui hata mji wake."

"Piga tu!"

Akapiga. Terhi alimsikia nusu nusu akieleza, akirudia, akieleza tena kwamba hapana, si ndege ya kweli, lakini mtu ni wa kweli. Kisha akarudi kwake, sauti imekauka. "Wanasema kwa dalili hizo ni kiharusi, na hakisubiri. Polisi wataitafuta nyumba kwa namba ya mtandao wake, lakini leo Jumapili, hawajui itachukua muda gani. Wameniambia nisikate simu. Mwanangu, mafuta yake?"

Terhi hakuweza kuyaona mafuta ya Bundi, ila aliweza kukisia. Walitoka uwanjani pamoja na kupigana pamoja, na sindano yake mwenyewe ilikuwa imeshuka vibaya. Mbele kulikuwa na bahari. Na hata kama mafuta ya ndege ya kuchorwa hayana maana yoyote kwa mtu aliyeanguka kitini, yeye aliyaogopa. Kwake ile ndege ilikuwa ndiyo mkono wa Bundi alioushika.

"Bundi," alisema. "Mimi Kicheche. Niko hapa kulia kwako. Usiogope."

Taa za ndege ya Bundi zikazima, zikawaka.

Terhi aliacha kupumua. Alijiambia macho yamemdanganya. Kisha akafikiri. Swichi ya taa za nje iko kwenye wenzo wa injini, chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na Bundi alikuwa amejitengenezea wenzo wa chuma unaofanana na ule wa kweli kwa kila kitu. Mkono wa kulia, ule wa fimbo, ndio uliokufa. Wa kushoto bado umeushika wenzo.

"Bundi! Kama unanisikia, zima taa uziwashe tena."

Zikazima. Kimya. Zikawaka.

"Osmo, ananisikia! Anasikia na hawezi kusema!" Machozi yalimjaa chini ya miwani na hakuwa na njia ya kuyafuta. "Bundi, sikiliza. Ndiyo, zima taa. Hapana, usifanye kitu. Umeelewa?"

Zikazima, zikawaka. Na wakati huo huo mlio wa mbu ukarudi masikioni mwake.

Alikuwa amemsahau adui. Yule wa magharibi aliyetajwa na Osmo alikuwa amefika, na mbele yake aliona zawadi ya mwaka: Hornet mbili zinakwenda sambamba, zimenyooka, hazikwepi. Terhi akafungua masafa ya wote, yale ya redio yanayosikika hata kwa adui.

"Uliye magharibi, usipige! Hapa kuna mgonjwa! Rubani amepatwa na kiharusi nyumbani kwake, tunamtafuta kwa kutumia ndege yake!"

Akajibiwa kwa Kifini cha kuvunjika. Alikuwa Muestonia aitwaye Urmas, kijana mwenye maneno ya kejeli. "Mgonjwa! Ha. Wiki ile mlisema rada yenu mbovu. Leo mgonjwa. Dada, utani huu mimi nimezoea."

"Si utani!"

"Kombora langu tayari liko njiani. Pole kwa mgonjwa."

Mlio ukawa yowe. Lakini kombora halikuwa likimjia yeye; lilikuwa likimwendea Bundi. Akaliona, uzi mweupe mbali, unakua. Aliwaza kujitupa katikati, akajua hatafika. Kombora la aina ile haliongozwi na macho yake, huongozwa na rada ya aliyelipiga, na rada ikigeuzwa upande, linakuwa kipofu.

"Urmas!" alipiga kelele, sauti ikampasuka. "Geuza pua! Geuza pua ya ndege yako, nakuomba kwa jina la mama yako! Taa hizo ndizo ulimi wake, hana ulimi mwingine! Ukimwangusha tutampata akiwa maiti! Sikiliza basi, msikilize mwenyewe!"

Akavua upande mmoja wa hedifoni, akaukaza kwenye kipaza sauti chake. Pumzi ya Bundi, nzito, yenye kukoroma, ikaenda kwenye masafa ya wote. Mbwa naye alilia, kilio kirefu cha mnyama asiyeelewa.

Uzi mweupe ulinenepa. Terhi alifumba macho.

Yowe likakatika. Alipofumbua, kombora lilipita juu ya mabawa yao mawili, likaenda zake kuitafuta bahari.

"Nimegeuza," Urmas alisema. Kejeli yote ilikuwa imemtoka. "Nimegeuza, dada. Nisamehe. Nifanye nini? Nimwambie mwenye seva asimamishe?"

"Hapana! Mwambie asiizime kwa hali yoyote. Njoo upande wake wa kushoto uangalie taa. Nataka macho mengine, mimi nalia, sioni vizuri."

Wakawa watatu angani. Osmo simuni na ramani ya nchi mbele yake, Terhi akiuliza, Urmas akishuhudia.

Kwanza walijaribu herufi. Terhi akataja A, taa zikazima. B, zikazima. C, zikazima pia, kisha zikawa zinawaka na kuzima ovyo, na pumzi ikaja haraka haraka, na ndani yake sauti, "mmm, mmm," ya mtu aliyefungiwa chumbani anagonga mlango. Terhi akaacha kutaja herufi.

"Amepotea, Osmo. Hajui anachojibu."

"Acha herufi," Osmo alisema. "Herufi zimemponyoka, ndiyo anahangaika. Watoto wangu hawajui hata herufi moja, lakini kwao wanakujua. Mtajie mahali."

"Bundi, pole, tuache hayo. Sikiliza mahali tu. Unaishi Laplandi?"

Taa zilibaki vile vile. Hili ndilo lililomtisha kuliko yote: "hapana" ya Bundi ilikuwa ukimya, na kifo pia ni ukimya. Kila swali lisilojibiwa lilimfanya akaze masikio kuitafuta pumzi.

"Pwani, huku kwangu?" Kimya. "Savo?" Kimya. "Karelia?" Kimya. "Kainuu?"

Zikazima, zikawaka.

"Imezima," Urmas alisema. "Mimi pia nimeona."

Osmo akasoma majina ya wilaya za Kainuu, Terhi akayarudia moja moja. Sotkamo, kimya. Suomussalmi, kimya. Kuhmo, taa. Ndege zilikuwa zimeshavuka milima, na maji meusi yalitandaa mbele yao. Ndege ya Terhi ikaanza kumwonya kwa sauti ya kike isiyo na huruma: mafuta, mafuta. Osmo alisoma vijiji kwa sauti inayotetemeka, vingine vya nyumba nne tano, na walipofika Kaitaniemi taa zikazima zikakaa giza muda mrefu, kana kwamba kidole kimechoka kupandisha swichi.

"Kaitaniemi?" Terhi alirudia. "Bundi, nionyeshe mara moja tena. Kaitaniemi?"

Giza.

"Mzee wangu, tafadhali."

Zikawaka.

"Nyumba iko ziwani?" Zikazima, zikawaka. "Mwisho wa barabara?" Zikazima. Hazikuwaka tena, kwa sababu wakati huo huo moto wa injini za ndege ya Bundi ulififia na pua ikaanza kuinama. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

Terhi alishuka naye. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alishuka bawa kwa bawa, akimtazama yule mwanasesere aliyekaa wima bila habari, mpaka maji yakajaa kioo kizima, na ndege ya Bundi ikaingia baharini bila kishindo. Yake ilifuata muda mfupi baadaye. Miwani ikawa nyeusi. Akaivua, akakuta sebule imeingia giza.

Pumzi ilikuwa bado ipo hedifonini, lakini imebadilika. Ilikuja, ikakaa sana, ikaja.

"Wametoka," Osmo alisema. "Kikosi cha zimamoto cha kijiji ndicho kilicho karibu, na gari la wagonjwa linawafuata. Mwanangu, endelea kumsemesha."

Amsemeshe nini? Hawakuwahi kuzungumza chochote isipokuwa makombora. Akaanza kumweleza habari za kazi yake: mteja aliyekalia miwani yake mara ya tatu, bibi mmoja anayetaka fremu nyekundu kama za msanii na binti yake anamkataza. Alieleza habari za ngazi ya nyumba yake yenye barafu. Akasema jina lake, Terhi, Terhi Mustaparta, wa Raahe, ghorofa ya pili. Na alipokuwa akisema, hofu nyingine ikampanda, ya kwake mwenyewe: nikianguka mimi hapa, nani atajua? Pumzi ikakaa sana kuliko mara zote. Akanyamaza asikilize. Ikaja.

Kisha mbwa akabweka kama mwenye wazimu, mlango ukagongwa, ukasukumwa, viatu vizito vikaingia.

"Yupo! Huku, huku, yuko kwenye kiti! Reino! Reino, unanisikia? Mshike huyo mbwa!"

Vurugu, viti vikisogezwa. Baada ya muda mwanamke mmoja mwenye kuhema akaiokota hedifoni. "Nani huyu?"

"Mimi... mimi ni mwenzake," Terhi alisema. "Yu hai?"

"Yu hai. Sina nafasi ya kuongea, dada." Akaiweka chini, na Terhi akabaki anasikiliza mpaka nyumba ile ikawa tupu.

Reino Huotari, dereva mstaafu wa magari ya kusafisha theluji, alipelekwa kwa helikopta Oulu, na madaktari waliliwahi donge la damu, ingawa si mapema kama walivyotaka. Alipona nusu. Terhi hakuruka tena majuma mengi. Kila alipoivaa ile miwani alisikia kukoroma, akaivua. Urmas alimwandikia mara kadhaa kuuliza hali ya mzee, na mara ya mwisho akakiri kwamba na yeye halali vizuri.

Mwishoni mwa Aprili Terhi alimwendea Reino katika nyumba ya mazoezi ya wagonjwa, amebeba mikate ya iliki. Alimkuta mzee mrefu, mwembamba, mkono wa kulia umelazwa pajani, na dada yake Lempi pembeni akimwekea mto. Walitazamana kwa haya ya watu wanaojuana sana na hawajawahi kuonana.

"Unamjua huyu?" Lempi alimuuliza, kwa sauti kubwa kama anayesema na kiziwi.

Reino alitafuta neno kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Ki... kijiko," alisema, akatikisa kichwa kwa hasira, akapiga ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto.

"Ndiye huyo huyo," Terhi alisema. "Ukitaka niite Kijiko, mzee. Nimeshaitwa vibaya zaidi."

Mdomo wake ukacheka upande mmoja. Wakala mikate, Lempi akamgombeza kwa makombo. Terhi alikuwa na swali alilolibeba tangu Februari, na hakujua kama ni halali kumwuliza mgonjwa. Lempi alipotoka kufuata kahawa, akauliza.

"Uliogopa sana?"

Reino alimtazama. Safari hii alikwenda pole pole, akiokota neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Si... kufa," alisema. "Niliogopa... wewe... mafuta yako. Uta... utarudi. Utaniacha."

Terhi alitaka kumwambia kwamba wazo hilo halikumjia hata kidogo. Lakini halikuwa kweli. Lilimjia mara moja tu, pale pumzi ilipomtisha, na mkono wake ulishaigusa miwani. Basi alivuta kiti chake karibu na Reino, upande wa kushoto ambao ulikuwa mzima, wakakaa wanasubiri kahawa.